Kamba ya Mita 10

MPWA: Karibuni wasikilizaji. Tunarekodi nyumbani Magomeni, na dirisha liko wazi kwa sababu ya joto, kwa hiyo mkisikia bodaboda zikipita mtuvumilie. Shikamoo mjomba.

MJOMBA: Marahaba mwanangu. Wasikilizaji, hamjambo.

MPWA: Leo hatuna mgeni. Leo nakuhoji wewe. Kila kipindi kuna mbwa anabweka huko uani, na watu wanaandika kuuliza: huyo mjomba wako anafuga mbwa wa ulinzi?

MJOMBA: Hapana, nafuga mbwa wa kazi. Ngoja niseme vizuri, maana hapa mjini tunachanganya. Mbwa wa ulinzi wa nyumba nyingi za Dar anafungiwa bandani mchana kutwa, usiku anafunguliwa abweke. Hakuna aliyekaa naye akamfundisha kitu. Mbwa wa kazi ana kazi anayoijua, na anaifanya pamoja na mtu wake. Mimi nafundisha mbwa, halafu tunashindana. Nimefanya hivyo tangu kijana na sijachoka.

MPWA: Ilianzia wapi?

MJOMBA: Sabasaba. Nilikuwa darasa la nne, baba akanipeleka kwenye maonyesho pale barabara ya Kilwa. Askari wa kikosi cha mbwa na farasi walikuwa wanaonyesha kazi yao. Askari mmoja akamwacha mbwa wake katikati ya uwanja, amelala chini, yeye akaondoka zake. Bendi inapiga, watoto wanapiga kelele, na mbwa hajainua hata kidevu. Watu walimshangilia yule aliyemkamata mwizi. Mimi macho yangu hayakutoka kwa yule aliyelala.

MPWA: Ukarudi nyumbani ukaomba mbwa.

MJOMBA: Bibi yako alikataa katakata. Nilimpata Bobi miaka mingi baadaye, nilipokuwa najitegemea. Mbwa koko wa Mwananyamala, masikio moja juu moja chini. Huyo ndiye alinifundisha.

MPWA: Sasa hayo mashindano yakoje? Mtu akisikia mashindano ya mbwa anafikiria kupigana.

MJOMBA: Kupiganisha mbwa ni ukatili, na mtu anayefanya hivyo asije uwanjani kwetu. Mashindano yetu tunafuata kanuni zilizoanzia Ujerumani. Mwaka 1899 afisa wa jeshi aitwaye Max von Stephanitz alianzisha chama cha mbwa wa kuchunga kondoo wa Kijerumani, na wa kwanza kuandikwa kwenye daftari lao aliitwa Horand. Stephanitz alikuwa na msimamo mmoja: uzuri wa mbwa ni kazi yake. Basi ukatungwa mtihani wa kupima mbwa anayefaa kuzalishwa. Zamani uliitwa Schutzhund, siku hizi ni IGP. Una sehemu 3, kila moja pointi 100. Kufuata nyayo, utii, na ulinzi. Ukipata chini ya 70 sehemu yoyote, umeanguka.

MPWA: Na hapa Dar mnashindana akina nani?

MJOMBA: Sisi kwa sisi. Hatuzidi watu kumi, tumefahamiana miaka. Kanuni tumeazima, na tunamwomba askari mstaafu aliyewahi kuongoza mbwa atuamulie. Hakuna kombe.

MPWA: Nieleze kufuata nyayo, maana hiyo ndiyo siielewi. Mbwa ananusa nini, viatu?

MJOMBA: Ananusa mtu, na ananusa ardhi iliyokanyagwa. Unapokanyaga majani yanapondeka, udongo unafunguka, harufu inabadilika. Pua ya mbwa ina vipokea harufu zaidi ya milioni 200. Sisi tuna milioni 5 au 6 hivi. Katika daraja la 3, ndilo la juu kabisa la mtihani huo, mtu mwingine anatembea hatua 600 uwanjani, anakata kona 4, anaangusha vitu vidogo 3, kipande cha ngozi, kipande cha mti. Mnasubiri saa nzima. Ndipo unaletwa wewe na mbwa wako, na kati yenu kuna kamba ya mita 10. Yeye mbele, wewe nyuma. Akikuta kile kitu analala chini, anakuonyesha.

MPWA: Na wewe nyuma unafanya nini?

MJOMBA: Unasoma kamba. Ikiwa imekaza sawasawa, mbwa ana uhakika. Ikilegea, kapoteza, anatafuta. Hapo ndipo mtu anaharibu, anaanza kumvuta kwenda anakodhani yeye. Usimvute. Simama, mwache azunguke.

MPWA: Na joto hili?

MJOMBA: Joto ndilo adui. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Akihema, hewa inapita mdomoni, pua haifanyi kazi ipasavyo. Kwa hiyo tunaanza baada ya alfajiri, umande ukiwa bado upo, na saa mbili tunafunga. Uwanja tunaoutumia ni ule wa Tanganyika Packers, Kawe, sehemu zenye majani. Baada ya masika unakuwa mtamu sana. Na upepo lazima uujue kama mvuvi. Kusi likivuma, harufu inasukumwa pembeni mwa nyayo, mbwa anatembea hatua mbili tatu kando ya njia na hajakosea. Asiyejua anamsahihisha. Maskini mbwa anaadhibiwa kwa kusema kweli.

MPWA: Nimekuona unaweka chakula kwenye nyayo.

MJOMBA: Kwa mtoto wa mbwa, ndiyo. Kila unyayo kipande cha ini la kuchemsha, kidogo kama ukucha. Wiki zinavyokwenda unapunguza. Nilijaribu dagaa, sisimizi wakawahi kabla ya mbwa. Halafu kuna jambo la maneno, hili nalipenda. Wengi wanaamrisha mbwa kwa Kiingereza. Mimi Kiswahili. Lakini nilikuwa nasema «kaa» na «lala». Karibu anasikia vizuri. Ukisimama mita 40 na upepo unavuma, kinachomfikia ni «aa» tu, na mbwa anakisia. Nikabadilisha, nikaanza kusema «keti». «Keti» na «lala», hata upepo uvume vipi hayafanani.

MPWA: Mjomba, niambie habari ya Kamanda. Najua huipendi.

MJOMBA: (ananyamaza kidogo) Kamanda alikuwa mbwa wa Kijerumani, dume, kichwa kikubwa. Sijapata mwingine kama yeye. Siku ile asubuhi alifuata nyayo akapata 94. Utii 86. Tukaja kwenye ulinzi. Mbwa anapekua vibanda 6, kwenye cha mwisho kuna msaidizi amevaa mkono mnene wa turubai. Mbwa anabweka, hamgusi. Msaidizi akikimbia, mbwa anauma ule mkono na kuushikilia. Msaidizi akisimama, unatoa amri: achia. Anatakiwa aachie mara moja, abaki analinda.

MPWA: Hakuachia.

MJOMBA: Nilisema mara ya kwanza. Kimya. Kanuni inakuruhusu kurudia amri mara mbili. Nikasema ya pili kwa sauti kubwa, ya tatu nikapaza kabisa. Alizidi kuuma. Mwamuzi akainua mkono, tumeondolewa. Ukiondolewa hivyo, na pointi za asubuhi zinafutwa. Zile 94 zote.

MPWA: Ulimkasirikia?

MJOMBA: Nilimkasirikia njia nzima kutoka Kawe. Nilimrudisha bandani bila hata kumpapasa, na hilo linaniuma mpaka leo. Usiku nikakaa nikafikiri. Nyumbani, kila akiachia, nilikuwa nafanya nini? Namvalisha mnyororo, tunaondoka. Kila siku, kwa miezi. Basi kwa Kamanda «achia» ilikuwa na maana gani? Kwamba raha imekwisha. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Na nilivyozidi kupaza sauti, ndivyo alivyozidi kuamini kwamba ninakuja kumnyang'anya.

MPWA: Uwanjani ukaonekana ulichokifanya uani.

MJOMBA: Wala huwezi kukificha. Nikaanza upya. Kamba mbili za katani, zinafanana kabisa. Anauma moja, mimi nasimama kama mti, natulia, nasema «achia» kwa sauti ya kawaida, kama ninavyozungumza na wewe hapa. Akiachia tu, papo hapo anapata ya pili, na tunacheza kwelikweli. Ilichukua miezi 5. Siku moja nikaona anaachia hata kabla sijamaliza neno, halafu ananitazama usoni. Mwaka uliofuata tulipata 92, 81 na 88. Jumla 261. Kwa kanuni zile hiyo inaitwa «nzuri», si «bora». Kwangu inatosha. Aliachia kwa neno moja.

MPWA: Twende kwenye swali ambalo limeulizwa na wengi. Wewe ni Mwislamu, umekulia Magomeni. Mbwa najisi. Unaishije?

MJOMBA: Bibi yako alinipeleka kwa sheikh kwa ajili hiyo hiyo. Sheikh hakunifukuza. Alinisomea Suratul Maida, aya ya 4, inayozungumzia wanyama wa kuwinda mliowafundisha. Akanionyesha pia mbwa wa watu wa pangoni, katika Suratul Kahf, aliyenyoosha miguu yake kizingitini. Akasema, mbwa wa kuwinda, wa mifugo, wa shamba, ruhusa ipo. Lakini twahara yako ilinde. Kwa hiyo banda liko uani, mbali na tunaposalia. Vyombo vyao peke yake. Nguo za mazoezi haziingii chumbani. Chombo akikilamba kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Sijaona ugumu. Na majirani nawaheshimu, asubuhi siwapitishi mbwa mbele ya msikiti.

MPWA: Sasa mjomba, una habari kwamba nimeokota mtoto wa mbwa? Koko, ana miezi kama mitatu hivi. Nilidhani utaniambia nitafute wa Kijerumani.

MJOMBA: Nimekuambia Bobi alikuwa nani. Koko anavumilia jua letu, anavumilia kupe kuliko hawa wageni. Kuuma mkono wa turubai huenda asipende, usimlazimishe. Pua anayo. Amechanjwa?

MPWA: Bado.

MJOMBA: Hilo kwanza. Kichaa cha mbwa kinaua, kwa mtu na kwa mbwa, dalili zikishatokea hakuna dawa. Jumatatu mpeleke kwa daktari wa mifugo, chanjo ya kichaa na ya parvo, ule ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, umuulize na dawa ya minyoo. Mpaka daktari akuruhusu, Kawe usimlete, pale wanapita mbwa wengi tusiowajua.

MPWA: Na wiki hizo nikae naye tu?

MJOMBA: Cheza naye uani. Tafuta kamba mbili zinazofanana.