Jinsi ya kucheki mwani wenye sumu bwawani ukiwa umekaa nyumbani Moshi

Haya wadau karibuni tena, leo nipo hapa Moshi, umeme upo bando lipo, tunaangalia Bwawa la Nyumba ya Mungu kutoka angani, lile ambalo maji yake yanavutwa na mradi wa Same, Mwanga na Korogwe watu wanakunywa. Ni bure kabisa.

Kwanza fungua Copernicus Browser, ile tovuti ya picha za setelaiti za Ulaya, jisajili na imeili yako, kisha pale pa kutafutia andika Nyumba ya Mungu. Ramani ikishakupeleka, chagua setelaiti ya Sentinel-2, picha za aina ya L2A, maana hizo ukungu na vumbi la angani vimeshapunguzwa. Pale kwenye mawingu vuta kile kidude hadi asilimia 20 hivi. Najua mtaniambia sisi wa chini ya mlima mawingu ndio maisha yetu, ni kweli, sasa kubali tu kwamba msimu wa masika unaweza kukaa wiki kadhaa hupati picha ya maana. Setelaiti yenyewe inapita kila baada ya siku chache, kati ya saa nne na saa tano asubuhi.

Ukipata siku safi, anza na rangi ya kawaida. Zoom hadi uone ufukwe. Unatafuta michirizi ya kijani kama mtu kamwaga rangi halafu upepo ukaikokota, ikajikusanya upande mmoja wa bwawa. Tope halikai hivyo, tope linatoka mdomoni mwa mto likiwa kahawia na linafifia taratibu kadiri linavyoingia ndani.

Sasa macho yanadanganya, kwa hiyo twende kwenye hesabu. Bofya Custom, halafu Index, utaona nafasi mbili A na B na vile viduara vya bendi, yaani vipande vya mwanga ambavyo setelaiti inapima kimoja kimoja. Shika B05 kwa mausi uiburute hadi A, B04 iende B. Acha fomula ya A toa B, gawanya kwa A jumlisha B. Sababu ni kwamba klorofili, ile rangi ya kijani ya mwani, inameza mwanga mwekundu wa nanomita 665, hiyo ndio B04, ila pale 705 penye B05 mwani unarudisha mwanga mwingi. Namba ikipanda, mwani umeongezeka. Hapo kila kamraba unachokiona ni mita 20 kwa 20, si haba.

Ngoja nikwambie nilichofanya mimi mara ya kwanza, nikaona ukingo wote umewaka rangi nikajua hapa tayari, nikapanda gari halafu boda, nauli yangu, vumbi lote lile, kufika nakuta nyasi! Maji yalipanda yakafunika majani ya pembeni, setelaiti ikasoma majani. Kwa hiyo ukingoni usipaamini, angalia katikati, na ufungue tarehe tatu nne za nyuma ulinganishe.

Kitu cha pili, Sentinel-2 haikwambii ni mwani gani. Wale wabaya wanaoweza kutoa sumu, sianobakteria, wana rangi yao nyingine inayomeza mwanga kwenye nanomita 620, na bendi hiyo iko kwenye setelaiti nyingine, Sentinel-3. Tatizo la Sentinel-3 kamraba kake ni mita 300, kwa Nyumba ya Mungu sawa, ila ndugu zangu wa Tengeru, Ziwa Duluti lenu linatoka vimraba vichache tu na vingi vinagusa msitu. Na ukiona maziwa ya Momella ni kijani usipigie mtu simu, yale ni maji ya magadi, heroe wanakula hapo.

Sumu yenyewe haionekani kutoka angani. Mwaka 2014 kule Toledo, Marekani, mwani wa Ziwa Erie ulifanya watu zaidi ya laki nne waambiwe wasinywe maji ya bomba, na wasichemshe pia, maana kuchemsha hakuui sumu ya maikrosistini, maji yanapungua sumu inabaki humo humo. WHO wanaweka kikomo cha mikrogramu 1 ya sumu hiyo kwa lita ya maji ya kunywa, na kuipima ni kazi ya maabara.

Kwa hiyo picha ikiwaka katikati ya bwawa, piga skrinishoti yenye tarehe, wapelekee watu wa bodi ya maji ya bonde la Pangani, ofisi yao si iko hapa hapa Moshi. Ukiwa karibu na bwawa vaa glavu, chota kwenye chupa angavu, usijaze, funga, iache kwenye friji isiguswe hadi kesho. Usiifungue kunusa. Asubuhi iangalie kwenye mwanga bila kuitikisa: ukijani ukiwa chini kuna nafuu kidogo, ukiwa umeelea juu kama krimu ya maziwa, mifugo isogezwe kwanza halafu ndio upige simu.