Bundi Aliyekataa Jela

ACHIENG: Juma, toa hilo lililokukaa rohoni kabla sijafungua karatasi zangu.

JUMA: Jumanne nilienda kumwona mtoto wa shangazi rumande. Mbele yangu kwenye foleni kuna mama na kipande cha sabuni. Askari akakikata katikati, akachungulia ndani, akamrudishia vipande viwili. Kijana wake alipewa dhamana, hawana ya kulipa. Ndani wanalala kwa zamu. Nikawaza, kampuni ikijenga jela yenye vitanda...

ACHIENG: Usimalize! Leo nimekuja na wanaopinga jela za kibinafsi.

JUMA: Wamarekani?

ACHIENG: Wanafunzi wa chuo kikuu cha Florida Atlantic, mjini Boca Raton. Mwaka 2013 chuo kilikubali dola milioni 6 za upande wa GEO Group, kampuni ya magereza, ili uwanja wa mpira uitwe jina lake. Nembo ya chuo ni bundi. Wanafunzi wakaubatiza uwanja Owlcatraz, yaani "owl", bundi kwa Kiingereza, na lile gereza la Alcatraz la Marekani pamoja.

JUMA: Bundi? Nyanya yangu angehama chuo siku hiyo hiyo.

ACHIENG: Wakaenda kuketi ofisini kwa rais wa chuo. Aprili kampuni ikajiondoa.

JUMA: Ngoja kwanza. Gor na AFC, mechi ya Mashemeji, kwenye uwanja wenye jina la jela! Mashabiki wangeingia?

ACHIENG: Wangeingia wakiimba matusi.

JUMA: Na bundi juu ya lango.

ACHIENG: Cheka, lakini bundi ndiye aliyefanya kazi. Mkataba wa kurasa mia nani atausoma? Bundi hata mtoto anamchora kwenye bango.

JUMA: Angechora nini hapa kwetu? Kunguru?

ACHIENG: Juma, tuna kipindi!

JUMA: Kunguru wa Nairobi anafaa, amezoea kuchukua cha wenyewe.

ACHIENG: Sasa sikiza kilicho ndani ya mikataba yenyewe. Arizona ilikuwa na mikataba mitatu ya kuhakikisha jela imejaa asilimia 100. Kitanda kikikaa kitupu, mlipa kodi bado analipa. Serikali ya namna hiyo itapunguza mahabusu kwa nini?

JUMA: Huo ni mkataba mbovu. Andika mzuri.

ACHIENG: Afrika Kusini waliandika. Mfungwa Thabo Bester akatoroka Mangaung mwaka 2022, jela iliyokuwa ikiendeshwa na kampuni, akakamatwa Arusha mwaka uliofuata.

JUMA: Na Kamiti 2021? Wafungwa watatu wa ugaidi walitoka jela ya serikali.

ACHIENG: Ya serikali naweza kumwita waziri Bungeni. Kampuni nitaiita wapi?

JUMA: Yule mama hana mtu wa kumwita Bungeni, Achieng. Anataka mwanawe alale.

ACHIENG: Anataka mwanawe atoke. Punguzeni dhamana, vitanda vitatosha.

JUMA: Unamwambia asubiri sheria ibadilike, na usiku ni leo.

ACHIENG: Na wewe unampa kampuni inayofaidi akikaa zaidi.

JUMA: Sikubali.

ACHIENG: Wala mimi.

JUMA: Tumebakiwa na dakika moja. Ulikuwa na mambo matatu ya kuwaambia vikundi vya mtaani.

ACHIENG: Hayaingii kwa dakika. Wiki ijayo?

JUMA: Wiki ijayo ni mgeni wa maji, tulishamwahidi.

ACHIENG: Basi ile itakayofuata. Niandike mahali.