Maharage na histamini: tatizo ni kiporo

Asanteni kwa kubaki jamani. Naenda moja kwa moja kwenye swali naloulizwa kila siku: mwenye shida ya histamini ale maharage au asile? Mtu kaambiwa apunguze histamini, ile kemikali ya kwenye vyakula inayoweza kuleta dalili kama za aleji, anaingia intaneti, listi moja inasema maharage ruksa nyingine inasema marufuku, mwisho anayaacha kabisa, samaki nao kashakatazwa, sasa protini ataipata wapi? Inaniuma sana hii.

Histamini ya kwenye chakula kwa sehemu kubwa inatengenezwa na bakteria, wanachukua asidi amino inaitwa histidini wanaigeuza. Utumbo wetu una kimeng'enya kinaitwa DAO kazi yake kuivunja, na kwa wengine hakitoshi, ndo maana akila tu kichwa kinagonga, pua inatiririka, ngozi inawasha. Na hapa nisikilizeni vizuri: ikishatengenezwa moto hauiondoi. Chemsha, kaanga, gandisha, iko palepale.

Sasa punje kavu ya maharage haina maji, bakteria hawana pa kufanyia kazi. Kwaiyo maharage makavu yakipikwa leo yakaliwa leo, wengi wenye shida hii wanayamudu. Balaa linaanza jiko likishazimwa. Sufuria inaachwa mezani mpaka usiku, juu imepoa katikati bado vuguvugu, kesho inapashwa, keshokutwa inapashwa tena, kiporo hicho ndo kinakuumiza halafu lawama yanabeba maharage!

Mi nashauri hivi. Loweka usiku kucha, kama kuna joto loweka ndani ya friji, yale maji mwaga, suuza, bandika kwa maji mapya. Yale mekundu lazima yatokote kweli, dakika 10 ndo chini kabisa na 30 ni salama zaidi, maana yana lektini, sumu ya asili ya maharage, ambayo moto mdogo hauiharibu, kwaiyo yale masufuria ya umeme ya kupika taratibu usiyatumie kama hujayachemsha kwanza. Yakiiva chota ya kula, yanayobaki yagawe kwenye vyombo vidogo bapa yapoe haraka, yaingie friza siku hiyohiyo. Baridi haifuti histamini iliyopo ila inawasimamisha bakteria. Siku ya kula toa kimoja, pasha hapohapo, usikiache kiyeyuke mezani.

Na umeunga na nini? Nyanya, spinachi, biringanya, siki, vyote viko kwenye listi nyingi za kuepuka, halafu mtu anasema maharage yamemshinda. Sosi ya soya, miso na tempe, vyakula vya soya hivyo, ndo kabisa, vimechachushwa, na hizo ni kazi za vijidudu. Ya kopo mi nayaweka kando mwanzoni.

Gesi nayo msiichanganye humu. Tumbo kujaa peke yake mara nyingi ni zile sukari za maharage zinazofika utumbo mpana bila kumeng'enywa, histamini haihusiki, na kuloweka kunazipunguza.

Anza na vijiko viwili tu, yaliyotiwa chumvi na mafuta basi, siku ambayo hujaribu kitu kingine kipya, andika ulivyojisikia. Ila midomo ikivimba au pumzi ikibana hiyo inaweza kuwa aleji, usijaribu tena nyumbani, kimbia hospitali.

Haya, yule aliyenyoosha mkono kule nyuma, karibu uulize.