Atalala Wapi Leo? Makao na Ulinzi kwa Familia Zinazokimbia Ukatili Mombasa

Assalaam aleikum, na nawasalimu nyote: wazee wa mitaa, maimamu na wachungaji, kina mama wa vyama, na vijana mliofika. Nimeombwa nizungumzie huduma za jamii kwa wanawake na familia zinazodhulumiwa au zilizokosa makao. Wengi huyaona haya kuwa mambo mawili, moja la polisi na jingine la umaskini. Mimi nayaona kuwa jambo moja, kwa sababu mwanamke anayepigwa hujiuliza kwanza atalala wapi na watoto usiku huo, na asipopata jibu hubaki pale pale anapopigwa.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa tangu walipofikisha miaka 15, na asilimia 13 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Tunaishi nao. Katika nyumba zetu za Majengo na Kisauni, ambamo vyumba vimepangana huku na huku vikitazamana ukumbini na kuta za kati aghalabu hazifiki juu, kipigo cha chumba kimoja husikika katika nyumba nzima. Kwa hiyo huduma ya kwanza kumfikia mwanamke huyu ni jirani, kabla ya ofisi yoyote, na jirani anayengoja aitwe huenda asiitwe kamwe.

Jirani anaweza kufanya mambo madogo yenye uzito mkubwa. Anaweza kumhifadhia mwenzake mkoba wenye kitambulisho, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya kliniki na nauli kidogo, maana anayetoka usiku bila karatasi hizo huhangaika baadaye kila anapokwenda. Anaweza kupiga simu nambari 1195, ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia, ambayo haitozwi malipo, au 116 ikiwa anayeumizwa ni mtoto. Asimkabili mume peke yake. Abishe hodi pamoja na majirani wengine, au awaite polisi.

Aliyebakwa afikishwe hospitali kabla ya jambo jingine lolote. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza manufaa yake. Za kuzuia mimba hutolewa ndani ya siku tano. Asioge, asifue nguo alizovaa, na nguo hizo zitiwe ndani ya bahasha au mfuko wa karatasi, kwa sababu mfuko wa plastiki huhifadhi unyevu na kuuharibu ushahidi. Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo cha kuwahudumia manusura. Anayetoka Likoni au Mtongwe huvuka kivuko kwa miguu bila malipo, lakini nauli ya matatu kutoka kivukoni hadi hospitalini bado humshinda aliyetoka mikono mitupu, na chama cha kina mama kikiwa na akiba ya nauli peke yake kitakuwa kimeokoa saa nyingi. Fomu ya P3 ya polisi, ambayo daktari huandika humo majeraha aliyoyaona, inahitajika kwa ajili ya kesi, ila hakuna anayepaswa kunyimwa matibabu ati kwa sababu hajaipata.

Sasa nije kwenye sheria, kwani hapa ndipo tunapoacha haki zetu nyingi mezani. Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 inahesabu kuwa ukatili si kupiga tu, bali pia kumnyima mtu pesa za matumizi kwa makusudi, kumtisha, kumvizia, na kumfungia nje ya nyumba anamoishi. Chini ya sheria hiyo mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi inayomtoa mdhalimu nyumbani, hata kama nyumba au mkataba wa kupanga uko kwa jina lake, ili mama na watoto wabaki karibu na shule yao na kazi yao. Tumezoea mno kumwona aliyeumizwa ndiye anayefunga virago, kiasi kwamba uwezekano huu hautujii akilini.

Kwa Waislamu wenzangu, hili lisiwe geni. Sura ya Talaka imekataza wake walioachwa kutolewa majumbani mwao wakiwa edani, ila wakifanya uchafu ulio wazi, na imeamuru wakalishwe kwa kadiri ya uwezo wa mume bila kudhuriwa wala kubanwa. Hata hivyo tunawaona wanawake waliopewa talaka alasiri wakiwa njiani na mabegi kabla ya magharibi. Mahakama ya Kadhi ina mamlaka katika ndoa, talaka na mirathi. Kipigo ni jinai na huenda kwa hakimu. Kuuendea mlango mmoja hakumzuii mwanamke kuuendea wa pili.

Wazee wetu, nawaheshimu, na suluhu zenu zimeziokoa nyumba nyingi zilizogombania pesa au wakwe. Lakini suluhu inayomrudisha mwanamke usiku ule ule kwa mtu aliyemvunja mkono si suluhu. Na mtoto akinajisiwa, hakuna kikao cha ukoo chenye mamlaka ya kulimaliza shauri hilo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 imelipeleka mahakamani, na tangu mwaka 2022 Shanzu kuna mahakama maalumu ya kesi za ukatili wa kijinsia.

Yako makao salama yanayoendeshwa na mashirika na taasisi za dini, nayo hufichwa mahali yalipo kwa sababu waume hufuata. Nawasihi msiyataje hadharani hata kwa nia njema. Ni machache, na ni ya muda. Mengine hayapokei mvulana aliyebaleghe, na hapo mama hulazimika kuchagua kati ya usalama wake na mwanawe wa kiume. Akitoka huko huanza upya akitakiwa kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti kwa mpigo, akiwa hana kazi. Wengi hurudi kwa mume wakati huo, na watu husema hakuwa na nia ya kuondoka.

Kwa hiyo ombi langu ni la kodi. Misikiti inakusanya zaka, na mafakiri na masikini ndio wa kwanza kutajwa miongoni mwa wanaostahiki. Makanisa yana sadaka, na vyama vina mifuko yao. Tukubaliane kila mtaa uweze kulipia familia moja miezi mitatu ya chumba, muda unaomtosha mama kuanza kuuza mahamri au viazi karai, au kurudi kwenye kazi aliyokatazwa. Nanyi wenye nyumba mliopo hapa, risiti ya chumba hicho iandikwe kwa jina la mwanamke mwenyewe.