Umepigwa Ngeta: Ndondi, Taekwondo au Judo? Fuata Hatua Hizi Pamoja Nami

Karibuni tena. Leo tuko kwenye ukumbi mdogo hapa Nakuru, na kabla hujauliza, ndiyo, hayo unayoyaona nyuma yangu ni magodoro ya kawaida yaliyofunikwa turubai. Nina wageni wawili. Huyu dadangu mwenye nguo nyeupe ni wa judo, mchezo wa kukamatana na kuangushana, na yule kakangu mrefu pale dirishani ni wa taekwondo, mchezo wa mateke. Mimi ni mtu wa ngumi. Mji huu ni wa ndondi. Philip Waruinge, aliyerudi na shaba kutoka Olimpiki ya Mexico 1968 na fedha kutoka Munich 1972, ni wetu. Na ile 1968 alipewa Kombe la Val Barker, tuzo ya bondia mwenye ufundi kuliko wote katika mashindano, akiwapita hata waliotwaa dhahabu. Kwa hivyo ukiniona naegemea ndondi, nisamehe.

Swali lenu halibadiliki: mtindo gani ni bora barabarani? Zamani nilikuwa nalijibu kabla hujamaliza kuuliza. Halafu usiku mmoja nikapigwa ngeta. Natoka mazoezini, begi begani, mkono ukanipita shingoni kutoka nyuma, na miaka yangu yote ya kurusha makonde ikakosa mtu wa kumrushia, maana mbele yangu hapakuwa na mtu. Nilipozinduka simu imeenda, viatu vimeenda. Glavu waliniachia. Nadhani walizinusa.

Tangu siku hiyo nikiangalia mchezo wowote wa kupigana sitazami mbinu kwanza. Namtazama mwamuzi. Anaingilia wapi? Mchezo unapositishwa ndipo shimo lake lilipo, kwa sababu hapo wachezaji wake hawajazoea kuendelea. Kwenye ndondi, mkikumbatiana mwamuzi anawaambia achaneni. Basi bondia hajui afanye nini akikumbatiwa, na mimi ni shahidi. Shika hilo, tutalirudia.

Hatua ya kwanza, kusimama. Kakangu, njoo. Tazama miguu yangu: wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo. Kama unatumia mkono wa kushoto, geuza. Sasa mikono. Usikunje ngumi. Fungua viganja, viinue hadi usawa wa kifua, kama mtu anayesema "pole kaka, yaishe." Anayepita barabarani anaona mtu anayeomba amani, ila mikono yako tayari iko juu na iko kati yake na uso wako. Umbali: akinyoosha mkono asikufikie. Akipiga hatua moja mbele, nawe rudi moja, huku unaongea. Akitaka simu tu, mpe simu. Nasema hivyo mbele ya kamera na sioni haya.

Hatua ya pili, kupiga, na hapa ndipo mitindo inapotengana. Ngumi nyoofu ya mkono wa mbele, ile tunayoiita jebu, ndiyo silaha ya haraka kuliko zote kwenye ukumbi huu. Haina kujivuta nyuma, inatoka pale pale ilipo. Lakini kumbuka bondia amefunga bendeji na amevaa glavu. Mkono mtupu ukigonga paji la uso, mara nyingi kinachovunjika ni mfupa wa kiganja, ule unaoelekea kidole kidogo. Madaktari wameupa mvunjiko huo jina la mabondia. Kwa hivyo tumia kitako cha kiganja. Vidole nyuma, kitako mbele, lenga kidevu au pua. Njia ni ile ile ya jebu. Fanya polepole pamoja nami: sukuma kwa mguu wa nyuma, zungusha bega, nyoosha, rudisha. Rudisha! Mkono unaobaki nje unashikwa.

Kakangu wa taekwondo sasa. Onyesha teke la kichwa. Mnaona? Kama mlango unafungwa na upepo. Katika mashindano yao teke la kichwani ni pointi 3, ngumi ya kifuani ni pointi 1, na ngumi ya usoni ni kosa. Rudini kwa mwamuzi: mtu aliyelelewa na sheria hizo huacha mikono chini, kwa sababu hakuna anayemgonga uso kwa ngumi. Yeye mwenyewe anakiri, tumemgonga humu mara nyingi. Tena hapa hana viatu na amevaa suruali pana. Mvalishe jinzi ya kubana na gambuti siku ya mvua, kwenye matope ya steji, halafu umwambie ainue mguu mpaka kichwani. Ila kitu kimoja nawaonea wivu, nao ni umbali. Hawa watu wanajua kwa jicho hasa unapoishia mguu wa mtu. Ukienda kujifunza kwao, ibe hiyo.

Kama lazima upige teke, piga chini. Mabondia wa Thailand wanapiga paja kwa muundi, mfupa wa mbele ya mguu, na mpigwaji anachechemea hata kama hakuanguka. Mtu anayechechemea hakukimbizi mbali. Karate nitaipita haraka: msimamo imara, ngumi moja safi, lakini pointi ikipatikana wanasimamishwa na kuanza upya, na mtaani hakuna wa kusimamisha. Wako watu wa karate wanaopigana bila kusimamishwa, na hao usiwachezee.

Hatua ya tatu ndiyo iliyotuleta hapa: ngeta. Sogeza kiti. Dadangu atanishika kutoka nyuma kwa mkono wake wa kulia. Kwanza elewa kinachotokea. Mkono ukizunguka shingo vizuri unabana mishipa ya damu ya pande zote mbili, na mtu anaweza kuzimia kwa sekunde kumi hivi. Huna muda wa kufikiri, na huna muda wa kurusha kiwiko nyuma kama wanavyofanya kwenye sinema. Mimi nilirusha. Nilirusha viwiko vitatu, najua idadi kwa sababu ndicho kitu cha mwisho ninachokumbuka.

Tena angalia jambo ambalo wengi hawalioni: anayekupiga ngeta hakukabi tu, anakuvuta nyuma. Kisigino kikishaanza kuelea huna nguvu yoyote. Kwa hivyo vita vyako vya kwanza ni vya miguu na mkono kwa wakati mmoja.

Moja: mikono yako miwili, yote miwili, idake mkono wake na kuuvuta chini kuelekea kifuani kwako, kama mtu anayening'inia kwenye tawi. Usijaribu kuutoa mbele, huwezi. Chini.

Mbili: kidevu ndani, uso ugeuze kuelekea pale kiwiko chake kinapokunjika. Pale pana nafasi ndogo ya koromeo kupumua.

Tatu: shusha nyonga, panua miguu. Kuwa mzito kama gunia la viazi. Tazameni, sasa hivi anajaribu kunivuta na ananyanyua vidole vyake mwenyewe.

Nne: mguu wangu wa kulia unarudi nyuma, unatua nje ya mguu wake wa kulia, kisigino kimeziba njia. Anakuwa kama mtu aliyesimama na jiwe nyuma ya kiatu.

Tano: bila kuachia mkono wake, inama na ujisokote kushoto, kama unayekitafuta kiatu chako cha kushoto. Kichwa kinaongoza, mwili unafuata. Naye anateleza juu ya bega langu la kulia... hivyo. Ameanguka vizuri kwa sababu anajua kuanguka. Mwizi hajui.

Sita: kimbia. Usibaki kumtazama.

Rudia video hadi hapo mara tatu kabla ya kujaribu, na ukijaribu zingatieni haya. Anayekaba haweki nguvu, anazungusha mkono tu. Anayekabwa akigonga mara mbili, popote, mnaachana papo hapo hata kama mnaona ni mzaha. Watoto wasifanye bila kocha. Kwenye sakafu ya simenti ishieni pale niliposema "Nne", msiangushane.

Kwa nini judo ina jibu na ndondi haina? Rudi kwa mwamuzi. Jigoro Kano alipoanzisha judo Tokyo mwaka 1882, kukamatana kukawa ndiyo mchezo wenyewe. Palepale tunapotenganishwa sisi, wao ndipo wanapoanza kazi. Shimo lao liko upande mwingine: hakuna kupiga, na tangu 2013 hata kumshika mtu mguu moja kwa moja mashindanoni kumekatazwa kabisa. Mrushie dadangu jebu, anapepesa macho. Ananikunjia uso hapa lakini ni kweli.

Sasa mtaniambia, kocha, jujitsu ya Brazil, ule mtindo wa kupigania chini, je? Naam. Novemba 1993, kule Denver, Marekani, waliwakutanisha watu wa mitindo mbalimbali kwenye UFC ya kwanza. Royce Gracie, ambaye hakuwa mtu wa mwili mkubwa, alishinda mapambano matatu usiku mmoja kwa kuwapeleka chini na kuwalazimisha kusalimu amri. Wa kwanza kati yao alikuwa bondia, Art Jimmerson, aliyeingia na glavu moja tu, akakaliwa juu na kugonga kuomba yaishe kabla hata hajakabwa. Iliniuma kuitazama. Hakuna mtindo mwingine unaomfundisha mtu mdogo kukaa chini ya mtu mkubwa bila kupagawa, na kwa dada zetu hilo ni jambo zito. Lakini pale mwamuzi anaangalia wawili tu. Kwenye murram, usiku, mwenzake akiwa amesimama na rungu, kulala chali kwa hiari ni kosa. Jifunze ya chini ili uinuke.

Kuinuka ni hatua ya nne. Umekaa, adui yuko mbele. Mkono wa kulia nyuma yako chini, mguu wa kushoto umekanyaga mbele, mkono wa kushoto unalinda uso. Nyanyua kiuno, pitisha mguu wa kulia chini yako urudi nyuma, simama ukimtazama. Usiinuke kwa kuinamisha kichwa mbele kama unayeokota sarafu, utapigwa goti.

Jambo moja la nje ya ukumbi. Ukishajinasua, paza sauti "nisaidieni", taja jina la duka lililo karibu, chochote. Mimi sipendi kupaza "mwizi." Umati ukishasikia neno hilo hauulizi ni yupi, na mwenye kutoka jasho anaweza kuwa wewe. Na sheria yetu inakuruhusu kujitetea kwa nguvu inayolingana na hatari. Akiwa chini na wewe unaendelea kumkanyaga, hapo mshtakiwa ni wewe.

Hatua ya mwisho ndiyo utakayoitumia mara nyingi kuliko zote, na haina adui: kuanguka. Umeteleza bafuni, bodaboda imekutupa, umekanyaga ganda la ndizi sokoni. Nimepigwa ngeta mara moja maishani, lakini nimeanguka nisivyoweza kuhesabu. Watu wa judo wanaanza na hili kabla hawajafundishwa kumwangusha yeyote.

Chuchumaa kwenye godoro. Mikono ikunje kifuani. Kidevu kwenye kifua, tazama fundo la mkanda wako, na usiliondolee macho. Kaa chini taratibu, mgongo umekunjwa kama kiti cha kubembea, viringika nyuma, na mabega yakigusa piga godoro kwa viganja na mikono mizima, si mbali sana na mwili, huku unatoa pumzi. Usipeleke kiganja nyuma kujizuia. Hicho ndicho kinachovunja kiwiko na kifundo cha mkono. Ukizoea, anza ukiwa umesimama nusu. Halafu wima.

Kazi ya wiki hii: mara kumi kila jioni, godoro lako mwenyewe linatosha, mradi uliburute chini kwanza. Ukiamka asubuhi kisogo kinauma, uliacha kutazama mkanda.