Cheti cha Kupiga Mbizi kwa Ajili ya Utafiti: Njia ya Anayeanzia Nairobi

Habari za jioni, na asanteni kwa kufika.

Swali linaloulizwa zaidi na wanafunzi wa zuolojia, jiolojia na akiolojia ni hili: nikishapata kadi ya mbizi za kitalii kule Diani au Watamu, naruhusiwa kushuka kuhesabu samaki kwa ajili ya utafiti? Kadi hiyo ni muhimu, na bila hiyo hutasogea. Lakini inathibitisha jambo moja tu, kwamba unaweza kushuka na kupanda salama ukiwa huna kazi nyingine mikononi. Mtafiti ana kibao, penseli, utepe wa kupimia na orodha ya spishi kichwani, na yote hayo yanagombania akili ileile inayopaswa kuangalia hewa, kina na mwenzake.

Cheti cha mpiga mbizi wa kisayansi hutolewa na taasisi inayobeba dhamana yako: chuo kikuu au kituo cha utafiti chenye afisa wa mbizi, mwongozo ulioandikwa na kamati inayosimamia. Kwa hiyo kabla ya kutafuta kozi, tafuta utafanya kazi chini ya nani. Vigezo vinavyofuatwa zaidi ni vya aina mbili. Chama cha Marekani cha sayansi za chini ya maji, kinachojulikana kwa kifupi kama AAUS, kinataka mafunzo yasiyopungua saa 100, darasani na majini, pamoja na mbizi 12 katika maji ya wazi. Ulaya wana ngazi mbili: ya kwanza hudai mbizi 70, na 20 kati ya hizo ziwe zimefanyiwa kazi ya kisayansi, ya juu hudai mbizi 100, na 50 ziwe za kazi. Ukitaka kushirikiana na chuo cha nje, waulize mapema wanafuata kigezo gani, maana daftari lako la mbizi litakaguliwa mstari kwa mstari.

Mlango wa kwanza ni daktari, na huo unaweza kuupitia hapahapa Nairobi. Atachunguza mapafu, moyo, masikio na matundu ya pua. Pumu, na mapafu yaliyowahi kuvuja hewa ndani ya kifua, ni mambo mazito, kwa sababu hewa iliyonaswa kwenye pafu hutanuka unapopanda. Toka mita 10 hadi juu, ujazo wake huwa maradufu. Usimfiche daktari chochote. Na ukiwa na mafua, yale yetu ya baridi ya Julai, usishuke: mrija wa sikio ukiziba, shinikizo halisawaziki, na kiwambo kinaweza kupasuka.

Kisha jaribio la kuogelea, bila vifaa. Kwa AAUS utaogelea yadi 400, yaani karibu mita 366, chini ya dakika 12. Utapita chini ya maji yadi 25 bila kuibuka. Utaelea wima dakika 10, au dakika 2 bila kutumia mikono. Na utamvuta mtu wa kimo chako yadi 25. Katika bwawa la mita 25, ule mwogeleo mrefu ni urefu wa bwawa mara 15. Watu wengi wanaoshindwa hapa wana nguvu za kutosha, ila wanaanza kwa kasi mno na kuishiwa pumzi katikati. Bado kuna huduma ya kwanza, kuushtua moyo uliosimama, na kumpa majeruhi oksijeni. Yote haya yanafundishika Nairobi kabla hujakata tiketi ya kwenda Pwani.

Sasa hesabu ya hewa, kwa sababu hapa ndipo mtafiti mpya hujidanganya. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi shinikizo la bar 200 una lita 2,400 za hewa. Unaweka akiba bar 50, yaani lita 600, unabaki na 1,800. Mtu aliyetulia hutumia, tuseme, lita 20 kwa dakika akiwa juu. Kwenye mita 15 shinikizo ni bar 2.5, kwa hiyo anatumia lita 50, na ana dakika 36. Mpe mtu huyohuyo utepe wa kutandaza dhidi ya mkondo, pumzi ipande hadi lita 30: sasa ni lita 75 kwa dakika, na muda wake ni dakika 24. Kushuka na kupanda vimo humohumo. Ukipanga kazi kwa hesabu ya utalii, utaikatiza njiani, na mstari wa kuhesabia ulioishia nusu hauna thamani kwenye uchambuzi.

Kuelea ndiko kunakoamua kila kitu, na hapa naomba tukae kidogo. Chukua kazi ya kawaida: utepe wa mita 50 juu ya matumbawe, mmoja anahesabu samaki, mwenzake anafuata akiandika kilicho chini ya utepe. Anayehesabu hutangulia, kwa sababu samaki hukimbia wapitaji. Akiwa amejifunga risasi nyingi mno, yaani vile vipande vya madini vya kumzamisha, miguu yake huzama, mapezi hupiga mchanga, na anayemfuata haoni kitu. Akijaza hewa kwenye jaketi la kuelea ili kufidia, anapanda ghafla kila anapovuta pumzi. Jipime hivi: mwishoni mwa mbizi, mtungi ukiwa na bar 50 na jaketi likiwa tupu, unapaswa kutulia mita 5 kwa pumzi ya kawaida. Ukizama, punguza risasi. Halafu rudia ukiwa umeshika kibao kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine. Usiende kwenye matumbawe kabla hujaweza hilo kwenye mchanga. Tumbawe lililovunjwa na pezi la mtafiti limeharibika sawasawa na lililovunjwa na nanga.

Kibao kiwe cha plastiki nyeupe kilichokwaruzwa kwa msasa ili penseli ishike, na penseli ifungwe kwa kamba, ya pili iwe mfukoni. Chora jedwali kabla ya kushuka. Andika tarehe, mahali, kina na jina lako hapo juu ukiwa bado botini. Kibao kisicho na mahali kimepoteza mbizi nzima.

Kibali cha kwanza cha AAUS huwa cha kina cha mita 9; kwenda mita 18 unahitaji mbizi 12 nyingine zilizosimamiwa kati ya vina hivyo. Cheti pia hulala usipokitumia: mbizi 12 kwa mwaka, na usipitishe miezi 6 bila kushuka. Hilo ni gumu kwa mkazi wa Nairobi, basi panga safari za Pwani mbili au tatu kwa mwaka kuliko moja ndefu. Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ni jambo jingine kabisa, na ndani ya hifadhi kama Kisite-Mpunguti au Malindi utahitaji pia idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Anza mapema.

La mwisho ni safari ya kurudi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Naitrojeni iliyoyeyuka mwilini ukiwa chini inahitaji muda kutoka taratibu. Ukipanda juu upesi, shinikizo la hewa hushuka na naitrojeni hufanya mapovu kwenye viungo na mishipa. Watu wengi huogopa ndege na kusahau treni na basi, ilhali SGR inakupandisha kimo hichohicho kwa saa chache. Muda mfupi kabisa wa kusubiri unaopendekezwa ni saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji kusimama njiani wakati wa kupanda, na saa 18 baada ya siku kadhaa za mbizi. Kwa wiki ya utafiti, siku ya mwisho isiwe na mbizi. Itumieni Mombasa kuosha vifaa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kuingiza takwimu kwenye kompyuta, na kulinganisha vibao na mwenzako wakati kila mmoja bado anakumbuka alichokiona. Na maumivu ya kiungo au ganzi ikianza ndani ya saa hizo, kaeni hukohuko Pwani, mpewe oksijeni, na mpigieni simu daktari wa wapiga mbizi kabla ya kumpandisha mtu yeyote garini.