Samaki Aliyestahili Alama ya Kijani

Wenzangu wa picha za ubongo, samaki yule mnamjua, ila leo namrudia kwa sababu yangu. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimlaza samoni mfu ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ubongo kwa sumaku, wakamwonyesha picha za watu na kumuuliza watu hao wana hisia gani. Uchambuzi ambao haukurekebishwa, ingawa ulipima maelfu ya sehemu na baadhi hujitokeza kwa bahati tu, ukatoa vokseli (vijisanduku vinavyounda picha) "zinazofanya kazi". Walimu wa takwimu humtumia kukemea kosa hilo, na ni haki yao. Mimi nauliza jingine: ukaguzi wetu wa ubora wa picha, ule wa programu, ungempitisha?

Ungempitisha kwa shangwe! Hapumui, hamezi mate, hakohoi, moyo haudundi. Msogeo kati ya picha na picha ni karibu sifuri. DVARS, ule mchoro wa jinsi ishara inavyoruka kutoka picha moja hadi inayofuata, ungelala kama uzi. Programu ingempa alama ya kijani. Sasa mleteni mtoto wa miaka sita aliyejikuna pua: nyekundu, nje.

Chekeni, lakini hapo ndipo ninapopigia kelele kila nikialikwa. Programu hupima utulivu wa picha. Haijui kama aliyelala mle anafanya kazi mliyompa, amesinzia, au ni samaki. Na utulivu haukugawiwa watu sawasawa: watoto, wazee na wenye ugonjwa wa Parkinson hutikisika zaidi. Ukiweka kizingiti cha msogeo cha milimita 0.2 na kufuta wote waliozidi, unabaki na wagonjwa wenye nafuu na watoto watulivu kuliko wenzao. Kisha makala inasema "wagonjwa", "watoto", bila haya.

Naona mkono kule nyuma. "Kwa hiyo tuvumilie mtikisiko?" Nani kasema? Mwaka 2012 makundi matatu ya watafiti yalionyesha, kila moja kivyake, kwamba hata msogeo mdogo hudhoofisha uhusiano unaopimwa kati ya maeneo ya ubongo yaliyo mbali na kuukuza kati ya yaliyo jirani. Tofauti hiyo ni rahisi kuidhania ugonjwa. Ondoeni, lakini andikeni mliyemwondoa: kundi lake, umri wake, na kama anafanana na waliobaki. Ni jedwali moja tu, jamani!

Mwingine atasema tukague kwa macho. UK Biobank, ule mradi mkubwa wa utafiti wa afya Uingereza, ililenga kupiga picha watu 100,000. Hayo macho utayatoa wapi? Na wataalamu wawili hutazama picha ileile wakatofautiana. Mashine ipange foleni, nanyi mtazame zile zinazobishaniwa. Tazameni na chache kati ya zile nzuri mno. Alama isiyo ya kawaida ni ya kutiliwa shaka hata ikiwa upande mzuri.

Dakika zinaniishia, basi haraka haraka. Kulia na kushoto vikibadilishana kwenye picha, vipimo vya kelele na msogeo havigundui kitu. Bandikeni kidonge cha vitamini E upande mmoja wa kichwa, kitang'aa kwenye picha. Pumzi nayo huyumbisha uga wa sumaku, na katika upigaji picha wa kasi programu huihesabu kama kichwa kilichosogea, kwa hiyo chujeni mawimbi yake kabla ya kumfukuza mtu. Kuhusu skana za vituo tofauti nilikuwa na mengi, lakini mwenyekiti ameshasimama. Aliye na swali kuhusu lile jedwali aanze.